Sifuri za Siku za Msiba

Hapo zamani, lakini si zamani ya babu zenu. Hii ni zamani ya juzijuzi tu, watu walikuwa wameshaanza kupeana taarifa za msiba kwa simu. Palikuwa na chuo huko kwenye vilima vya kusini, kule ambako mvua ikianza inasahau kuacha. Chuoni hapo walisoma watu watatu, Ambakisye, Lusekelo na Bupe, na wote walisoma sayansi ya data.

"Sayansi ya nini?" baba yake Bupe aliuliza tangu siku ya kwanza. "Aliyesoma uuguzi anashika sindano. Aliyesoma ualimu anashika chaki. Wewe mwanangu ukimaliza utashika nini?"

"Takwimu, baba."

"Hizo zinashikika?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Bupe hakucheka. Mwalimu wao alikuwa amewaeleza vizuri kwamba wanaosoma haya wanatakiwa benki, wanatakiwa hospitali, wanatakiwa kwenye kampuni za simu na kwa watabiri wa mvua. Lakini Bupe hakutaka benki wala simu. Alitaka kufanya kazi hapohapo vilimani, kwa watu waliomlea. Na baba yake alikwishatamka: asipopata kazi akimaliza chuo, anakwenda mjini kwa shangazi yake kuuza vitenge. Bupe alijiapiza moyoni kwamba vitenge atavaa, hatauza.

Basi, katika vilima hivyo palikuwa na chama cha wafugaji, na mwenyekiti wake alikuwa Mama Tusajigwe, mwanamke wa maneno machache na sauti kubwa. Chama kilikuwa na lori moja na vituo vingi vya kukusanyia maziwa. Lori likianza kwenye kituo chenye maziwa kidogo, hadi lifike kwenye maziwa mengi, jua limeshafanya kazi yake na maziwa yamechacha. Mama Tusajigwe akaenda chuoni.

"Nipeni vijana wenu hodari," alisema. "Wanitafutie njia ya kujua leo kwamba kesho maziwa mengi yatakuwa kituo gani. Wakifaulu, chama kitaajiri mchambuzi wa data. Lakini nafasi ni moja. Sitaki mtu aje kulia ofisini kwangu."

Walimu wakawatoa Ambakisye, Lusekelo na Bupe.

Wakagawana kazi. Ambakisye, aliyekuwa na kichwa cha hesabu cha kutisha, akatengeneza fomu ya kujaza kituoni, kisha akakaa kuifundisha kompyuta kutabiri. Lusekelo, mwenye miguu isiyojua kuchoka, akawa wa vituoni. Alfajiri yuko kituoni, mvua inanyesha yuko kituoni, anapima maziwa na watunza vituo, anaandika kiasi, anaandika hali ya hewa. Na Bupe akapewa kazi ambayo hakuna anayeipigania. Aliambiwa asafishe data.

Mnaulizana data inaoshwaje? Haioshwi kwa sabuni, jamani. Anayesafisha anapitia namba moja moja, anatafuta iliyorudiwa, iliyokosewa, isiyoeleweka. Bupe alipitia kwa juhudi mpaka macho yakamwasha. Akakuta sifuri. Kituo kizima, sifuri! Jana yake maziwa tele, kesho yake maziwa tele, katikati sifuri.

"Hii haiwezekani," alijisemea. "Ng'ombe wa kijiji kizima hawawezi kugoma siku moja. Mtunza kituo amesahau kupima." Akazifuta sifuri zote. Ndivyo walivyofundishwa darasani, namba isiyoingia akilini itiliwe shaka. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuona kama ni jambo la kumwambia mtu.

Siku ya majaribio ikafika. Kompyuta ikasema lori lianzie kituo cha Ndobwela. Dereva akaenda Ndobwela, akakuta kituo kimefungwa, mbwa amelala mlangoni. Akangoja. Akapiga honi, akangoja tena. Huku nyuma, kituo cha Isyeto kilikuwa kimefurika, na jua lilikuwa kali kweli siku ile. Lori lilipofika Isyeto, maziwa yote yalikuwa yamechacha. Wanawake wakayamwaga mtaroni, mtaro ukawa mweupe.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa mama yake Bupe.

Mchana Bupe alikimbilia nyumbani. Akamkuta mama anasuuza ndoo.

"Mama, Ndobwela wamepatwa na nini leo?"

"Si wana msiba, mwanangu. Mzee Kasyupa amefariki jana."

"Na maziwa?"

Mama akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Maziwa ya siku ya msiba yanakwenda wapi, Bupe? Si yanakwenda nyumbani kwa wafiwa, waombolezaji wapate chai. Na wewe umeyabeba kichwani tangu una meno ya utoto. Hiyo kompyuta yenu haijui msiba?"

Bupe aliketi chini palepale, kwenye tope. Aliona aibu, tena aibu yenye uchungu. Kumbe zile sifuri hazikuwa makosa. Kila sifuri ilikuwa mtu amekufa na jirani zake wamekwenda kumlilia. Yeye mtoto wa vilima hivi alizifuta mwenyewe, kwa sababu alipokaa mbele ya kompyuta alisahau anatoka wapi.

Lakini hakukaa kwenye tope muda mrefu. Akainuka, akamtafuta Lusekelo, akamweleza kwamba sifuri alizifuta yeye.

"Lusekelo, siku zile ulizoandika sifuri, kulikuwa na nini?"

"Msiba," Lusekelo akajibu bila kufikiri. Akazitaja siku zote kutoka kichwani, kituo kwa kituo, na jina la marehemu.

"Mbona hukusema?"

"Fomu ilikuwa na mahali pa maziwa na mahali pa mvua. Mahali pa msiba hapakuwepo. Na hakuna aliyeniuliza."

Wakamwendea Ambakisye, aliyeitengeneza fomu, wakamweleza yote. Ambakisye akaifungua fomu, akaipitia mstari kwa mstari. "Mimi nilifikiria ng'ombe," alisema hatimaye. "Watu sikuwafikiria."

Kisha wakafanya kazi kama watu waliokasirikiwa. Lusekelo akaikumbuka kila sifuri na sababu yake. Ambakisye akaivunja programu yake yote na kuijenga upya. Bupe akazunguka kila kituo kwa miguu, akawaomba watunza vituo: "Shikamoo mama, shikamoo baba. Kukitokea msiba, nitumieni ujumbe kabla jua halijazama." Wengine walimtukana kwa ajili ya maziwa yaliyomwagwa. Akatukanwa, akaomba tena, wakakubali. Tangu hapo lori likawa linafika penye maziwa, na masika yote hakuna aliyemwaga hata kikombe.

Mama Tusajigwe akaita mkutano wa wanachama kwenye ghala la chama, penye tangi la kupoozea maziwa. "Kazi imefaulu," alisema. "Sasa kila mmoja aseme kwa nini awe yeye."

Ambakisye akasimama. "Wazee wangu, mama zangu. Mtu anaweza kukusanya namba mpaka azeeke, zisiseme lolote. Mimi ndiye niliyezipa mdomo. Kesho mkitaka kujua ugonjwa wa ng'ombe au bei ya majani, nani atawajengea?"

Lusekelo akasimama. "Mimi sina maneno mengi. Kompyuta ya Ambakisye imekula nilichopika mimi. Na sifuri zile zilipopotea, zilikuwa zimebaki hapa tu," akajigonga kichwani. "Bila kichwa hiki, mngekuwa mnamwaga maziwa mpaka leo."

Bupe akasimama. Sasa sikilizeni vizuri. Ghalani pale hakuna mwanachama aliyejua nani alizifuta sifuri. Wote waliamini kompyuta ilikosea tu, na wenzake hawakuwa wamemtaja. Angeweza kunyamaza.

"Maziwa yaliyomwagwa Isyeto niliyamwaga mimi," alisema. "Nilizifuta sifuri za misiba yenu. Ni mimi pia niliyeuliza kwa nini, na ni mimi niliyekuja milangoni kwenu kutukanwa. Naitaka kazi hii. Naitaka kuliko kitu chochote, na sitaki kuipata kwa kuwaficha. Nikikosa leo, nitakuja tena mwakani."

Baba yake, aliyekuwa nyuma karibu na mlango, alivua kofia.

Chama kile hupiga kura kwa kusimama, mtu unapanga mstari nyuma ya unayemtaka, kila mmoja akuone. Wakapanga. Wengine nyuma ya Ambakisye, kwa sababu ya kesho. Wengine nyuma ya Lusekelo, kwa sababu ya jana. Wengine nyuma ya Bupe, na wengine wao walikuwa wamemwaga maziwa kwa mikono yao. Mama Tusajigwe akahesabu mistari. Ililingana. Akahesabu tena. Ililingana.

Amebaki mwanachama mmoja hajapanga. Amesimama katikati na ndoo yake tupu, ile aliyomwagia maziwa mtaroni. Ni mama yake Bupe.

"Mama Bupe, tunakungoja," alisema Mama Tusajigwe.

Mama akamtazama Ambakisye. Akamtazama Lusekelo. Akamtazama mwanawe, na mwanawe akatikisa kichwa polepole, kama anayemwambia: usinitazame kama mwanao. Mama akaitua ndoo chini, akaanza kutembea.

Mimi nimefika hapo, na miguu ya mama yule naiacha kwenu. Je, wenzangu, nani alistahili? Ninyi mngesimama nyuma ya nani?