Sange, Kiboko na Roho Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na pango!

Tulichungulie!

Pangoni mna zimwi!

Tukimbie!

Mkikimbia nani atanisikiliza? Kaeni kitako. Na wewe hapo nyuma, maliza kutafuna kwanza, nitakungoja.

Haya. Hapo kale, wala si kale sana maana televisheni zilikuwapo, mto ulifurika ukaleta vitu. Ukaleta masufuria, ukaleta viatu vya mguu mmoja mmoja, ukaleta televisheni mbili zenye kisogo, ukaleta na mashine mbili za gemu za kizamani, zile za kutumbukiza kaseti. Kiboko ndiye aliyeviona kwanza. Akavilalia. Kilicholaliwa na kiboko, nani atakitoa?

Na msiniulize umeme ulitoka wapi. Kwenye ngano zangu umeme haukatiki.

Kiboko akajenga banda la mabati ukingoni mwa mto, akaweka gemu liitwalo Pango la Zimwi. Loo, gemu gumu hilo! Unapewa kijitu chenye mkuki, unapewa roho tatu, unaambiwa ingia. Ukiingia, popo wanakuvamia. Ukiwakwepa popo, sakafu inafunguka, chubwi! Ukiiruka sakafu, unakuta mlango wa shaba umefungwa, na ufunguo uko chini kabisa kwa nyoka. Mbele ya huo kuna mlango wa chuma. Na mwisho wa yote yuko Zimwi mwenyewe, amesimama mbele ya mlango wa jua. Roho tatu zikikwisha, pi, pi, piii! Unarudi mwanzo kana kwamba hukuwahi kuzaliwa.

Kiboko akawaita wanyama. "Njooni mcheze! Ukishinda, chukua utakacho. Ukishindwa, nachukua nitakacho."

Nungunungu akacheza, akashindwa. Shamba lake la viazi likaliwa. Kanga wakacheza, wakashindwa. Wakapokonywa kivuli chao cha kuatamia. Bibi Kobe akacheza, akashindwa. Akanyang'anywa jiwe lake la kuotea jua. Basi mngedhani wamekoma? Wapi! Kesho yake walirudi, kila mmoja anajiambia, leo ndiyo leo.

Sange hakucheza. Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo, anamzidi panya kidogo tu, ana pua ndefu isiyotulia. Kazi yake ni moja: njia. Kichakani kwake ana vijia vyake, na kila asubuhi anavifagia. Jani, kando! Kijiti, kando! Kokoto, kando! Akishafagia anavikimbia, tena na tena, mpaka miguu ivijue bila kukiuliza kichwa. Mwewe akishuka, fyuu! Sange hayupo, mwewe ameshika vumbi.

Siku moja kichaka kikaingia giza mchana. Ni Kiboko amesimama mlangoni.

"Sange!"

"Naam. Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Kichaka chako kinanizibia njia ya bandani. Mwezi ukiandama nitakikanyaga kiwe uwanja."

Moyo wa Sange ukapiga paa! Ndani, chini ya majani makavu, walikuwa wamelala watoto wake wawili, pacha, hata kutambaa hawajajua.

"Bwana Kiboko, nina wachanga. Vijia hawavijui bado. Nikiwatoa nje mwewe atawamaliza."

"Shauri yako na mwewe."

Sange akaogopa sana. Ungeogopa na wewe, usijifanye. Lakini woga ukishafika mwisho wake hauna pa kwenda tena, hugeuka ukaidi.

"Basi tucheze, Bwana. Mimi na wewe, kila mtu na televisheni yake. Nikishinda, kichaka changu, na kila ulichowanyang'anya wenzangu kirudi kwa wenyewe."

"Na ukishindwa?"

"Kanyaga. Na mimi nitakufagilia banda mpaka nizeeke."

Kiboko akacheka, kho, kho, kho, mpaka samaki wakaruka mtoni. "Wewe? Na vidole hivyo vya njiti?"

"Ndiyo mimi. Lakini watu watauliza, mshindi atajulikanaje?"

"Ala! Si atakayefika mlango wa jua kwanza?"

"Wa kwanza kufika, Bwana?"

"Wa kwanza kufika! Nimeshasema, na nikisema nimesema."

Neno hilo ndilo Sange alilokuwa analitaka, na amelipata.

Tangu siku hiyo Sange akawa anashinda nyuma ya banda, jicho kwenye tundu la bati. Wenzake wakicheza, yeye anatazama. Watu wote hutazama dhahabu iliyotapakaa pangoni inavyometa, yeye hutazama miguu ya kijitu. Popo wanashuka wakati gani? Sakafu inafunguka upande gani? Zimwi hupiga upande gani kwanza?

Siku moja Nungunungu akakanyaga jiwe jekundu lililo mbele ya mlango wa shaba, akateleza, akatumbukia shimoni. Chubwi! Roho moja ikaenda. Alipoamka na roho iliyobaki, hee! Yuko upande wa pili wa mlango. Ufunguo hana, nyoka hakumwona, mlango uko nyuma yake. Nungunungu masikini akadhani amepotea. Akageuka, akang'ang'ania mlango arudi alikotoka. Banda zima likaangua kicheko.

Sange hakucheka. Akawaza, kumbe jiwe jekundu linakukumbuka. Ukilikanyaga kisha ukafa, gemu linakuamsha mbele. Na mlango wa chuma nao unalo lake. Kumbe roho ni nauli!

Akakimbia nyumbani. Akafagia kichakani vijia vipya, akavikata vilevile kama Pango la Zimwi. Hapa popo, hapa sakafu, hapa jiwe jekundu. Kisiki cha mkwaju akakiita Zimwi. Akafinyanga pedi, kile kidude cha kushika unapocheza gemu, kwa udongo wa kichuguu, akapachika mbegu za ukwaju ziwe vitufe, akaanza kukimbia huku anabonyeza.

Akajikwaa kwa popo. Tena.

Akachelewa kwenye sakafu. Tena.

Akafika kwenye kisiki, akakigonga kwa pua, pwaa! Machozi yakamtoka, pua ile mnajua haina ngozi ya kuvumilia. Watoto wakalia chini ya majani. Akawanyonyesha, akawabembeleza, wakalala. Akarudi mwanzo. Tena.

Ilifika siku vidole vikawa vinatangulia, yeye anafuata.

Ndipo akaenda kwa Kanga. "Dada zangu, siku ya mchezo msinishangilie mimi. Mshangilieni Kiboko. Kila akiokota dhahabu, mpigieni vigelegele."

"Tumshangilie huyu aliyetupora kivuli? Una wazimu?"

"Mshangilieni mpaka apasuke."

Kanga hawakuelewa, lakini kupiga kelele ndiyo kazi waliyozaliwa nayo. Wakakubali.

Mwezi ukaandama. Wanyama wakajaa bandani, wengine wakaning'inia madirishani. Kiboko akaipuliza kaseti yake, fuuu! Nusu pumzi, nusu mate. Sange akaipuliza yake, fu. Bibi Kobe akawekwa kuwa mwamuzi.

"Wewe Bibi, mbio unazijulia wapi?" Nungunungu akamtania.

"Mwendo sina, mjukuu wangu, macho ninayo," akasema Bibi Kobe. "Haya, anzeni!"

Ti-ti-ti-ti! Vitufe vikalia.

Kiboko akaokota kipande cha dhahabu. Kanga wakalipuka: "Oyee! Mwenye mali! Ongeza, baba, ongeza!"

Kiboko akatabasamu hadi masikioni. Akaona amekiruka kipande kimoja nyuma, akakirudia. "Ongeza, baba, ongeza!" Akaona mtungi wenye roho, akaupasua. Roho nne. "Ongeza, baba!" Roho tano. Mfuko wa kijitu chake ukavimba, ukavimba, na katika gemu hilo mzigo ukizidi mwendo hupungua. Kijitu kikawa kinajikokota, kwata, kwata, kwata.

Na Sange? Popo, inama. Sakafu, ruka. Dhahabu? Pita. Mtungi? Pita. Popo tena, inama. Dhahabu nyingi kabisa, lundo zima? Pita!

Akafika mlango wa shaba. Akakanyaga jiwe jekundu, akajitupa shimoni mwenyewe. Chubwi!

"Mama wee, amekufa!" Nungunungu akajifunika uso.

"Roho moja hiyo, kwaheri!" Kiboko akacheka. "Mtoto wa panya, nilikwambia!"

Kijitu cha Sange kikaamka ng'ambo ya mlango. Hakuna aliyeona ila Bibi Kobe. Sange akakimbia. Mlango wa chuma huo hapo. Jiwe jekundu, kanyaga. Shimo, jitupe. Chubwi!

"Ya pili hiyo! Amebaki na moja!" Kiboko alicheka hadi akataka kudondosha pedi. "Mimi ninazo tisa, jamani, tisa!"

"Ongeza, baba, ongeza!"

"Lakini mbona yuko kwa Zimwi?" akauliza Nungunungu.

Kicheko cha Kiboko kikakatika. Akainua shingo, akatazama televisheni ya mwenzake. Kweli! Kijitu cha Sange kimesimama mbele ya Zimwi, na yeye bado yuko chini kwa nyoka anatafuta ufunguo.

"Tupa mzigo, Bwana, ukimbie," Bibi Kobe akamshauri.

"Nitupe mali yangu? Mimi?"

Hakutupa. Aliweka pedi chini, akanyanyuka, akaenda akasimama mbele ya televisheni ya Sange. Akajinyoosha. "Aaah! Joto humu ndani. Ngoja nipunge upepo kidogo."

Mbele ya Sange hakukuwa na Zimwi tena, hakukuwa na mlango. Kulikuwa na makalio ya kiboko, basi.

"Aa, Bwana, ondoka! Hiyo si haki!" wanyama wakapiga kelele.

"Nani alisema nisisimame? Mwamuzi, kuna kanuni ya kusimama?"

"Haipo," akasema Bibi Kobe, na ilimuuma kusema.

Sange akaishika pedi yake vizuri. Roho moja. Akikosea mara moja tu, kesho kichaka ni uwanja. Akawaona wanawe chini ya majani, wanavuta pumzi zao ndogo. Akasema moyoni, kwani nyumbani televisheni nilikuwa nayo? Akafumba macho.

Akawa kichakani. Kisiki kile pale. Kisiki kinapiga kushoto, kaa. Kinapiga kulia, kaa. Kinavuta pumzi, sasa! Jani, kando. Kijiti, kando. Ruka, inama, pita chini ya mkono. Bandani vikasikika vitufe tu, ti-ti, ti, ti-ti-ti. Hata Kanga walinyamaza, na hiyo haijatokea tena duniani.

Halafu nyuma ya makalio ya Kiboko, muziki ukalia: tiriri, tiriri, tirararaaa!

Kiboko akageuka. Mlango wa jua uko wazi, mwanga umejaa kioo kizima, na kijitu cha Sange kinarukaruka ndani yake bila hata kipande kimoja cha dhahabu.

"Uongo!" akanguruma. "Huyu amekufa mara mbili, mmemwona wote! Mimi sijafa hata mara moja!"

"Ulisema wa kwanza kufika," Bibi Kobe akajibu. "Hukusema afike bila kufa."

"Mimi ninazo roho tisa! Tisa! Njooni mhesabu!"

Akawavuta mpaka kwenye televisheni yake. Kumbe alipoweka pedi chini, kijitu chake kilibaki kimesimama kwa nyoka, na mfuko mgongoni. Nyoka hakuwa na haraka. Alikiuma, kikaamka, akakiuma, kikaamka. Walifika wakakuta roho ya mwisho inakwenda. Pi, pi, piii!

"Roho zangu!" Kiboko akalia.

"Roho zimekwisha, Bwana," akasema Bibi Kobe. "Umebaki na uroho."

Banda likapasuka kwa kicheko. Kiboko akatoka mbio na fremu ya mlango shingoni, akajitumbukiza mtoni, chubwiii! Ndiyo maana mpaka leo kiboko hushinda majini, katoa macho na pua tu, anasikilizia kama watu wameacha kumcheka. Hawajaacha.

Nungunungu akarudi kwenye viazi, Kanga kwenye kivuli, Bibi Kobe juu ya jiwe lake. Kichaka hakikukanyagwa. Sange akawabeba wanawe mdomoni mmoja mmoja, akawaonyesha vijia hatua kwa hatua. Hapa inama. Hapa ruka. Walipovijua, akawaacha wakimbizane.

Asubuhi iliyofuata Bibi Kobe akasikia ti-ti-ti bandani. Akachungulia, akamkuta Sange na pedi mkononi.

"We mtoto, si umeshashinda? Unatafuta nini tena?"

"Pale kwa popo, Bibi," akasema Sange bila kugeuza uso. "Nilichelewa kidogo."

Basi, wasikilizaji wangu, ngano haitoki bila funzo, na funzo la leo ni hili. Haraka haraka haina baraka. Usipite mlango ambao ufunguo wake huna. Ukikuta mali njiani, simama uokote yote, mtakuja kunishukuru. Na ukiwa na mchezo wa maana mbele yako, fungua macho.

Mkimwona Sange, mwambieni hayo. Mwambieni kwa upole, maana hajasikia bado. Kila nikianza kumwambia, ameshapita.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, mpelekeeni Kiboko, hajawahi kukataa kitu.