Kimeza cha Kombi

Wapendwa, ndugu wawili wa mlimani waligombana juu ya gari. Majina yao nayaacha, maana wana wajukuu. Gari lenyewe lazima nilitaje sawasawa, kwa kuwa siku hizi kila gari lenye mlango wa kuvuta mnaliita Hayisi. Hilo lilikuwa Kombi la zamani, lenye kitanda ndani, jiko dogo na mapazia madirishani. Kila kahawa ilipokwisha kuvunwa, baba yao aliwapakia wanawe, wakaenda Tanga, wakalala humo humo kando ya bahari.

Baba alipofariki, yule mkubwa alilivuta gari hadi kwake mjini bila kumwambia mdogo wake. Tangu hapo hawakusalimiana, hata kanisani.

Miaka ikapita, moyo ukamsuta mkubwa. Desturi yetu mnaijua: aliyekosa huchuma jani la isale, akaenda nalo kwa aliyemkosea. Akilipokea, amesamehe.

Mkewe akamwambia, “Panda basi Jumamosi, mzee. Jani halina uzito.”

“Niende na jani tupu? Nitakwenda na Kombi likiwa kama alivyoliacha baba. Akiliona tu, atalainika.”

“Kwani shemeji amenuna kwa sababu ya rangi ya gari?”

“Mama, wewe hujui magari.”

“Magari siyajui. Shemeji yangu namjua.”

Akaanza kulifufua. Injini, mabati, rangi nyeupe juu na kijani chini, mapazia mapya. Kila Pasaka alisema bado kidogo. Habari zikamfikia kwamba mdogo wake anaumwa, akawahimiza mafundi. Kikabaki kitu kimoja, kimeza cha kukunja walichokuwa wakilia chakula utotoni. Hakikuwamo garini, wala hakujua kilipotelea wapi. Alikitafuta gereji zote na kwa wauza vyuma chakavu. Seremala akamtengenezea cha kufanana nacho, akakikataa.

“Bila kimeza si lenyewe,” akasema.

Mwishowe akakubali kile cha seremala, shingo upande. Akachuma isale, akapakia jamaa yake, akaupanda mlima akipiga honi kama baba alivyokuwa akipiga. Kwenye kona ya mwisho akaona turubai limefungwa migombani, na watu wameketi kimya. Mkono ukatoka kwenye honi.

Mjane akamjia. Akalitazama gari, akalitazama jani.

“Gari limependeza, shemeji.”

“Nimechelewa, shemeji. Jani hili nimpe nani?”

Mjane akageuka. Akaingia ndani, akatoka amebeba kimeza. Kimepakwa vanishi, na bawaba zake zimetiwa mafuta.

“Alikichomoa wiki ile ya msiba wa baba yenu, akitengeneze. Ukaliondoa gari kabla hajakirudisha. Kila akisikia gari barabarani huniuliza, ‘Ni kaka?’ Alikuwa akisema, ‘Hata akija kufuata kimeza tu, nitamwandalia chakula juu yake.’”

Niambieni, kilichopungua kilikuwa wapi? Si kilikuwa katika nyumba ile ile aliyoona haya kuiingia mikono mitupu? Angekwenda na basi, angekipata kimeza, na nduguye amekaa upande wa pili. Lile jani aliliweka juu ya kaburi. Isale huwekwa mkononi mwa mtu, wapendwa. Likanyaukia pale.

Nasi, je? Nasi tunapaka rangi. Tunasema nitakwenda kuomba radhi nikimaliza nyumba, nikimwoza binti, nikipata cha kupeleka. Na huko tusikokwenda kuna mtu amelala, anasikiliza barabara.

Leo ni Jumapili ya Ushirika, na meza imeandaliwa. Lakini kama yupo uliyemkosea, na jani lako bado liko uani halijachumwa, inuka sasa, utoke. Sitakuuliza unakwenda wapi. Meza hii itakungoja.