Kigelegele Ndani ya Puto

Hadithi ipo mlangoni.
— Ifungulieni iingie!
Imetoka mbali, ina vumbi la njia.
— Ipeni kigoda ikae!
Na atakayesinzia?
— Afinywe!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, kabla maduka hayajauza maputo, aliyetaka puto alingoja siku ya kuchinja. Alichukua kibofu cha mbuzi, akakiosha, akakisugua kwa majivu, akakipuliza na kukifunga kwa uzi. Watoto waliyarusha maputo hayo mpaka yakapasuka, wakalia, wakasahau.

Zama hizo alikuwako msichana, jina lake Mejumaa. Hakuwa na mama, hakuwa na shangazi, hakuwa na dada. Alikuwa na bibi yake tu, Bi Mwanatumu, na Bi Mwanatumu alikuwa na kigelegele. Msinicheke. Najua kila mwanamke anacho chake. Lakini cha Bi Mwanatumu kilipopigwa, hata waliogombana asubuhi walitoka nje wakatazamana wakicheka.

Bibi akaugua. Alipoona hatainuka tena, akaomba aletewe kibofu kutoka kwa jirani aliyekuwa amechinja. Akajiinua kitandani, akakitia mdomoni, akapiga kigelegele chake chote humo ndani, mpaka kibofu kikawa kama tikiti. Mejumaa akakifunga. Bibi akamwambia, kwa ule utani wao wa siku zote:

"Mke mwenzangu, sauti yangu ndiyo hiyo. Siku yako ya furaha ifungue, nami nitakuwa nimekuja. Ila usiniweke sana."

Kesho yake akafariki. Mejumaa akalitundika puto kwenye boriti, juu ya mtungi wa maji. Na chini ya mtungi, penye ubaridi, alikaa Chura.

Ikafika siku ya harusi ya Mejumaa. Ua ulijaa watu, pilau ikaiva, akapambwa akapambika. Chura akatoa kichwa.

"Mejumaa, fungua."

"Bado. Siku kubwa zaidi inakuja."

Moyoni alijiambia kwamba akilifungua leo, kesho atabaki na nini? Basi akaolewa kwa vigelegele vya majirani. Vilikuwa vizuri, wala havikuwa na kasoro, lakini alivisikia kama nguo ya kuazima.

Ikapita miezi. Mumewe akajenga nyumba mpya, na puto likahamia huko pamoja na mtungi, na Chura chini ya mtungi. Siku ya kuingia nyumbani, Mejumaa akatazama juu akaona puto limekuwa kama nazi. Akaja juu, akauliza ni nani aliyefungua uzi akaiba pumzi za bibi yake.

Chura akamwambia hakuna mwizi. Akamwonyesha mtungi: hauna tundu, hauna ufa, na bado unatoka jasho nje mpaka chini panalowa. Ngozi ya puto nayo ni hivyo hivyo. Jicho halioni kitu, lakini pumzi inapenya, leo kidogo, kesho kidogo.

"Mimi mwenyewe hufura koo kila jioni," akasema. "Nikifura naachia, na huko kuachia ndiko kuimba. Mejumaa, fungua."

"Bado. Siku kubwa zaidi inakuja."

Akalishusha, akalipaka nta ya nyuki, akaongeza kifundo cha pili, akaongeza cha tatu. Akalitundika tena. Nyumba wakaiingia hivyo hivyo, na puto likaendelea kupungua kana kwamba halikupakwa kitu.

Mungu akamjalia mtoto wa kike. Katika kijiji kile, siku ya arobaini mtoto hutolewa nje, na mwanamke wa damu ya mama yake husimama mlangoni akampigia kigelegele. Asipokuwapo, mtoto hutolewa kimya, na watu huona haya kutazamana. Mejumaa hakuwa na mtu. Alikuwa na puto. Safari hii akakata shauri: leo nafungua.

Akalishusha. Likamtosha kiganjani, limenywea, limekunjamana, kama ndimu iliyosahauliwa jikoni. Akaona aibu. Atamwitaje bibi yake mbele za watu kwa kitu kile?

Chura akatoa kichwa mara ya tatu.

"Mejumaa, fungua. Kimebaki kidogo, lakini hicho kidogo ni chake."

"Bado. Kwanza lijae."

Akaliweka kwenye ungo, akalianika uani juani. Na kweli, jua lilipolichoma, makunyanzi yakaanza kunyooka. Puto likafura, likang'aa. Mejumaa akapiga makofi kwa furaha. Chura akamwambia kutoka pale kivulini:

"Jua linaongeza ukubwa, haliongezi pumzi. Na ngozi hiyo imekauka."

Hakusikia, au alisikia akapuuza. Akamwacha mtoto ndani na jirani yake, Bi Saumu, akachukua ndoo kwenda kisimani kuteka maji ya kumwogesha. Njia nzima alikuwa akitabasamu. Alikuwa akipanga atasimama wapi, na atavuta uzi kwa mkono gani.

Aliporudi akakuta ua umejaa watu. Wanawake wanacheka, wengine wanafuta machozi kwa ncha za kanga. Bi Saumu akamjia na mtoto begani.

"Mwanangu, bibi yako alikuja."

Mejumaa akautazama ungo. Palikuwa na kipande cha ngozi kilichochanika, na vifundo vitatu, vyote vimekaza. Akatua ndoo chini.

"Kilikuwaje?" akauliza.

Wa kwanza akasema kilikuwa kirefu. Wa pili akasema hapana, kilikuwa kifupi, ila kilipanda juu sana. Wa tatu akajaribu kukiigiza, sauti ikakwama, akakohoa, akaomba radhi.

"Na huyu je?"

"Huyu alicheka," akasema Bi Saumu. "Tangu azaliwe hajacheka. Leo alicheka."

Mejumaa akampokea mwanawe, akaketi naye pale pale chini, juani, akamsogeza uso kwa uso.

"Wewe umemsikia," akamwambia. "Mimi nilikuwa kisimani."

Mtoto akamtazama mama yake, akapiga miayo.

Basi, wenzangu, ndiyo sababu puto huliwezi. Ulifunge utakavyo, litapungua. Ulianike, litapasuka, tena utakapokuwa umetoka. Mwenye furaha na aifungue siku ile ile iliyomjia. Akiiweka, watakaoisikia ni wengine.

Hadithi imenyanyuka kigodani.
— Iende salama!
Na mimi siku ile nilikuwapo uani, mbele kabisa. Mkitaka kujua kigelegele kilikuwaje, niulizeni.
— Kilikuwaje?
Nilikuwa na pilau mdomoni, sikusikia vizuri.