Mkono Uliopewa Glavu

Ndugu zangu, leo nina hasira, na sitaificha nyuma ya tabasamu.

Kulikuwa na mwenye kiwanda cha kubangua korosho. Wanawake waliombangulia walikuwa na vidole vyeusi, vilivyobabuka, maana mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Mama mmoja akamwendea akasema, "Bosi, tunaomba glavu. Nikimwogesha mwanangu analia, viganja vyangu vinamkwaruza."

"Glavu zinapunguza kasi, mama. Na wewe si umeshazoea?"

Mmesikia? Umeshazoea.

Mwaka huohuo bosi akaleta roboti ya kubangua. Mkono wake ulifunikwa ngozi ya bandia, laini, na ndani yake vimepangwa vidude vya kuhisi joto na mchubuko. Siku ya tatu tone la mafuta likadondokea kidole chake. Taa nyekundu ikawaka, mkono ukajivuta nyuma. Bosi akaja mbio, jasho linamtoka, akasimamisha kazi kiwanda kizima. Akakifuta kile kidole kwa leso yake mwenyewe, kisha akamwambia fundi, "Itafutie glavu leo hii. Ngozi hii ikiharibika tumekwisha."

Yule mama alikuwa pale na ndoo yake ya maganda. Akauliza, "Bosi, umejuaje kwamba inaumia?"

"Si umeona taa?"

"Basi na mimi nifungie taa."

Mnajua bosi alimwambia nini? Alimwambia arudi kazini.

Na bosi huyo alikuwa mzee wa kanisa. Kila Jumapili, walipofika pa kutakiana amani, aliushika mkono wa mama yule. Miaka tisa aliushika, ukamkwaruza kiganja, na hakuhisi kitu.

Msicheke. Sisi je? Dada anayekufulia nyumbani, uliwahi kumtazama vidole? Kijana anayekuchanganyia saruji? Watu wanaumiza vichwa kukifundisha chuma kuhisi, na sisi tuliozaliwa na ngozi tumeiua wenyewe. Nasema sisi, na mimi nimo.

Sasa hivi tutatakiana amani. Leo sitaki kuona mtu anatoa mkono huku anaangalia pembeni. Ushike, uutazame. Ukikuta kidonda, uliza nani amekisababisha. Na kama ni wewe, iache sadaka yako hapo kwenye benchi, toka nje ukanunue glavu. Ibada itakusubiri.