Boti Iliyopimwa kwa Mzigo

Kijiji kimoja kilikaa katikati ya mlima na ziwa. Nyuma yake mlima mkali, wa kupanda kwa mikono. Mbele yake maji. Barabara haikuwepo. Mtu akiugua pale, njia ya kwenda hospitali ni ziwa tu. Sasa niwaulize, ndugu zangu: mama mjamzito akipata shida ya uzazi katika kijiji kama hicho, anapanda nini? Anapanda mtumbwi wa wazi, na jua ni lake, na mvua ni yake.

Zahanati ya kijiji hicho ilikuwa mikononi mwa muuguzi mmoja, mwanamke mpole, mzito wa kusema. Siku moja mama mmoja alimfia mtumbwini, katikati ya maji, huku wameshikana mikono. Toka siku hiyo muuguzi yule hakuwa na ombi jingine kwa Mungu ila boti yenye injini na chumba cha kumlaza mgonjwa.

Wanakijiji wakachangishana, mavuno baada ya mavuno, mpaka wakaweza kununua boti moja iliyotumika. Moja tu. Wakikosea kuchagua, wajukuu ndio watakaochanga tena. Wakamwambia muuguzi, "Wewe ndiye unayewajua wagonjwa. Nenda ukatuchagulie." Wakampa na mwenzake wa safari, mume wa dada yake, ambaye ndiye angekuwa nahodha. Shemeji huyo alikuwa mtu wa mzaha, na alipenda mbio kuliko chakula.

Walipofika mjini, kwenye gati, mwenye boti akawaonyesha mbili, zimefungwa ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, inang'aa, na injini yake ilikuwa ya petroli. Ukigusa swichi imewaka, na sauti yake nyororo kama ya cherehani. Ya pili ilikuwa pana na nzito, rangi imebabuka, na injini yake ilikuwa ya dizeli. Hiyo ilikohoa kwanza, ikatema moshi mweusi, ndipo ikaanza kuguruma tu-tu-tu.

Shemeji akacheka. "Shemeji, hii ya pili si boti. Ni mashine ya kusaga unga iliyopewa usukani."

"Lakini dizeli inakula mafuta kidogo," mwenye boti akasema, "na inadumu. Petroli ni nyepesi, ina mwendo, ila inataka uangalifu. Mvuke wake ukijikusanya chini ya sakafu, cheche moja inatosha. Kila moja na tabia yake. Pandeni mjaribu."

Wakapanda ile ya petroli, watu watatu tu. Iliruka. Upepo ukampiga muuguzi usoni, machozi yakamtoka, na moyoni akawaza: siku ile tungekuwa na hii, yule mama angefika. Nani angemlaumu kama angesema papo hapo, "Tunaichukua"? Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini walipotia nanga, akamgeukia shemeji yake.

"Mgonjwa wetu tutampeleka na nani?"

"Na wewe. Na mimi kwenye usukani. Wengine wa nini?"

"Dada yangu alipolazwa, mlikwenda wangapi?"

Shemeji akaanza kuhesabu kwa vidole. Mama yake. Mdogo wake wa kupika, kwa sababu hospitali haimpikii mgonjwa. Jirani wa kupokezana zamu. Wale wawili waliobeba machela. Halafu godoro, masufuria, unga, kuni.

"Na jogoo," akamalizia, kwa sauti ya chini.

"Basi tuwapakie," muuguzi akasema.

Pale gatini walikuwepo wanawake wa sokoni wakingoja meli, na magunia yao ya mihogo na ndoo za mawese. Muuguzi akawaendea. "Dada zangu, nani anataka kutembezwa ziwani bure?"

Nani atakataa? Waliingia kwa vicheko, na magunia wakaingia nayo. Ile boti nyeupe ikainua pua juu, ikakalia mkia. Injini ikalia kwa uchungu, na mshale wa mafuta ukawa unashuka mbele ya macho ya shemeji. Mwanamke mmoja akasema, "Jamani, hii ina mimba changa. Haitaki kubebeshwa kitu." Wakahamia ya dizeli. Ikakohoa, ikaguruma, ikaondoka. Na namna ilivyokwenda tupu, ndivyo ilivyokwenda imejaa, taratibu, bila manung'uniko, kama ng'ombe aliyezoea jembe.

Mwenye boti akatikisa kichwa. "Mama, mimi nimeuza boti miaka mingi. Watu huzijaribu zikiwa tupu."

"Ikiwa tupu tutaipeleka wapi?" muuguzi akamjibu.

Akachagua ya dizeli.

Je, mnadhani walipokewa kwa ngoma? Kijiji kiliusikia mngurumo kutoka mbali, na wengine wakauliza nani amefungua mashine ya unga kwenye maji. Walipoona moshi, walinung'unika. "Tumengoja miaka yote hiyo, tumeletewa kobe." Muuguzi aliyasikia yote. Usiku ule hakuwa na hakika tena kama amechagua vema.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja, binti mmoja, mimba yake ya kwanza, uchungu ukamshika na mtoto akagoma kutoka. Wakamlaza ndani ya boti. Ukoo wake ukaja, na ukoo wa mume ukaja. Upepo ulikuwa umegeuka na kuwakabili usoni. Shemeji akautazama ule mlima wa watu na masufuria.

"Shemeji, leo tupunguze. Angalau huyu shangazi wa mume abaki. Maneno yake peke yake yatatuzamisha."

Shangazi akashika kiuno. "Nibaki? Huyu ni mke wetu. Mimi ndiye niliyempokea siku ya harusi. Ukiniacha, nitaogelea nyuma ya moshi wako, na nikifika nitakusema."

Muuguzi akautazama uso wa binti, akautazama upepo. Mkono ule wa zamani, uliopoa ndani ya mkono wake, ukamrudia. Kasi, kasi, moyo ukamwambia. Kisha akasema, "Apande. Boti hii tuliichagua kwa ajili ya watu."

Wakaondoka. Mawimbi yaliwapiga, na boti ikayapasua moja baada ya jingine, wala haikupunguza mwendo wake. Njia nzima shangazi alilalamikia harufu ya dizeli. Wakafika. Daktari akampasua binti, mtoto akatoka akilia, na watu wakaanza kushangilia. Ndipo mlango ukafunguka, daktari akasimama pale, na uso wake haukuwa wa furaha.

"Mama amepoteza damu nyingi. Kundi lake la damu hatuna hapa. Mmekuja na nani?"

Ndugu zangu, mmelisikia swali hilo? Juu ya mwendo hakuuliza neno.

Wakapimwa wote. Mume, hapana. Mama mzazi, hapana. Mdogo wake, hapana. Jirani, hapana. Akabaki mmoja, amenyoosha mkono na bado anaongea. "Nichomeni. Mimi nimekula vizuri asubuhi, damu ninayo." Ikapimwa ya shangazi. Ikakubali.

Binti aliishi. Na waliporudi, vigelegele vya wanawake wa koo zile mbili viliushinda mngurumo wa injini, mlima ukavipokea na kuvirudisha, kijiji kizima kikashuka ufukweni. Shemeji mwenyewe alimshika shangazi mkono akamshusha kama malkia. Muuguzi alisimama mbele, mtoto mikononi, na watu wakamwona anacheka kwa sauti, mtu ambaye hawakuwahi kumsikia akicheka hivyo.

Sasa tuje kwetu. Sisi tukiomba nguvu, mara nyingi tunaomba mwendo. Bwana, nifikishe upesi, na huyu mama mkwe anayenichelewesha abaki. Na ndugu huyu mgomvi, na jirani huyu msemaji, nao wabaki. Tunaipima imani yetu ikiwa tupu, tunaona inaruka, tunajisifu. Nani kati yetu ameipima ikiwa imejaa watu?

Mungu hakosei anapotupakia. Yule unayemwita mzigo, hujui amebeba nini ndani ya mishipa yake kwa ajili yako. Furahini basi, ninyi mnaokwenda polepole kwa sababu mmewabeba wengine. Furahini sana, maana mtafika, tena mtafika na kila kitu mlichohitaji. Na kesho asubuhi, yule uliyepanga kumwacha ufukweni akija na masufuria yake, usimhesabie makosa. Sogea kidogo, mpe nafasi, uondoke naye.