Kijicho cha Chura

Zamani huko milima ya Upare, Chura alikuwa na macho madogo kama mbegu za mchicha. Ndiyo, Chura huyuhuyu! Ngojeni, msicheke kabla sijafika pa kuchekea.

Aliishi kwenye kidimbwi cha chemchemi na mkewe na viluwiluwi wao wasiohesabika. Jirani yao alikuwa Kaa, ambaye watu walimwita Mtunza Jicho, kwani aliishi pale maji yanapobubujika ardhini, panapoitwa jicho la maji. Kila mteka maji alipofika aliinama: "Shikamoo, Mtunza Jicho!" Chura alikuwa palepale, kifua mbele, asiambiwe hata hujambo. Wivu ukamkaa kooni, koo likavimba.

"Mama watoto, yule hata shingo hana. Anaamkiwa kwa lipi?"

"Baba watoto, meza nzi wako ulale."

Alale wapi! Kulipokucha akamwendea Nakijwa, msimamizi wa zamu za kuteka maji. "Mama, mnakunywa tope! Kaa anachokonoa kutwa kucha. Jicho hutunzwa kwa jicho. Nipeni mimi kazi hiyo."

Nakijwa akachungulia, akaona tope kweli. Akamzoa Kaa kwa kata, akamtupa bondeni.

Chura akapanda jiweni, akalikodolea macho jicho la maji. Maji yakatakata, watu wakamwamkia, naye akavimba kwa raha. Hakujua kuwa kule kuchokonoa ndiko kulikoyafungulia maji njia. Tope likajaa shimoni, mkondo ukawa kama uzi, kisha ukakatika. Chura akadhani hajakodoa vya kutosha. Akakaza. Macho yakamtoka, yakasimama juu ya kichwa.

"Baba watoto!" mkewe akapiga yowe. "Watoto wamelala ubavu topeni, nawe unashindana kutazamana na shimo!"

Nakijwa, kuona jicho limekauka tangu Kaa atoke, akateremka mbio bondeni, akamrudisha Kaa kwa mikono miwili. Kaa akaingia shimoni upande upande, akachokonoa. Maji yakatoka, machafu hasa, na viluwiluwi wakaanza kutikisa mikia.

Chura akashukuru? Thubutu! Alisema alikuwa amebakiza kidogo tu.

Na tangu siku hiyo, watu wa huko wakisafisha chemchemi hawamtoi kaa. Maji yakichafuka, husubiri yatulie. Macho ya chura hayajarudi ndani hadi leo. Na mvua ikinyesha tu, Chura hutoka mbio akipaza sauti, asije mtu akamshukuru Kaa kwa mvua hiyo nayo: "Mimi! Mimi! Mimi!"