Tundu la Ukuta wa Kibwana Feruzi

Mnalicheka tundu hili la ukutani? Chekeni, lakini vitunguu viendelee kumenywa, maana wageni wako njiani. Nitawaeleza lilikotoka.

Mji huu ulipokuwa mdogo, hakukuwa na njia isiyotokea upande wa pili. Ukienda kisimani ulipita mlango wa huyu na ua wa yule, na kila mlango na salamu zake: umeamkaje, mama hajambo, mbuzi je? Ukirudi na ndoo, chai yako imeshapoa.

Basi bwana mmoja, Kibwana Feruzi, salamu hizo zilimchosha! Akahamia pembezoni, akajenga, na nyuma ya nyumba akasimamisha ukuta ulioziba njia. "Hapa hapiti mtu," akasema, "hata kuku." Watu walipoona anakunywa chai ya moto, wakamwiga. Kila aliyekuja alijenga mbele zaidi, naye akaziba. Mji ukatambaa mpaka kwenye mashamba ya mihogo, nyumba zimepeana migongo, hakuna pa kupenya.

Kibwana alikuwa na binti mmoja tu, Mwanakombo, naye alimpenda mno. Akaposwa na Shomari, kijana wa nyumba iliyo nyuma ya ukuta uleule. Siku ya ndoa, akina Shomari wakatoka asubuhi na ngoma zao, wateremke mpaka mjini ndipo wapande tena kwa Kibwana. Wee! Kupita mjini ni kupita milangoni, na milangoni kuna salamu. Mpaka alasiri hawajafika hata nusu. Wakarudi kwao wamenuna, mama yake Shomari miguu imemvimba.

"Kama njia hakuna, na ndoa hakuna!" akafoka mama huyo.

Upande wa pili wakasikia kila neno. Mwanakombo akaangua kilio. Pilau nalo, halina haya, likawa linanukia mpaka ng'ambo ya ukuta, watu wanameza mate.

Bi Tatu, dada yake Kibwana, akaja na mchi wa kinu. "Kaka, uvunjike ukuta au ivunjike ndoa? Sema upesi, pilau linaungua."

Kibwana akamtazama binti yake anavyolia. Akaupokea mchi, akautoboa tundu ukuta wake mwenyewe, jasho linamtiririka. Shehe wa kufungisha ndoa, aliyekuja na akina Shomari, akatangulia kupenya. Masikini, alikuwa mnene, akakwama kiunoni. Ndoa akaifungisha palepale, uso kwa baba wa bibi harusi, miguu kwa bwana harusi, na Shomari akapaza sauti kutoka nyuma, "Nimekubali!" Vigelegele vikalia pande zote mbili. Kisha wakapanua tundu ili shehe naye akale.

Na tangu siku hiyo, kila ukuta unaoziba njia pembezoni mwa mji hutobolewa tundu la kumtosha shehe, na anayepita hubisha hodi ijapokuwa mlango hakuna. Kibwana naye alihamishia kiti chake hapo tunduni, kwa kuogopa Mwanakombo asije akapita asimwone. Chai ilimpoea kila siku. Aliuliza ya mama, akauliza ya mbuzi. Hata kuku akipita, alimwamkia.